Saa ya Kahawa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu kinachonunuliwa kwa sarafu moja au mbili: kikombe cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono, kinachoshikwa kwa ncha za vidole kwa sababu ya moto wake. Nimekichagua kwa makusudi. Tukizungumzia furaha tunapenda kutaja mambo makubwa: harusi, nyumba, gari, mtoto kufaulu, safari ya Makka kwa aliyejaaliwa. Yote hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu amjalie kila anayeyatamani. Lakini harusi ni ya siku moja, na nyumba ya mtu wa kipato cha kawaida hujengwa tofali kwa tofali kwa miaka mingi. Katikati ya hapo mtu anaishi na jioni zake. Basi leo tuzitazame hizo jioni. Nami niseme wazi tangu sasa ninachokiamini: starehe ndogo za kila siku haziji zenyewe. Zina mahali pake, zina saa yake, zina watu wake na ufundi wake. Ukiondoa kimoja katika hivyo zinakufa, na zikifa hakuna anayepiga mbiu.

Muuza kahawa wa mwambao husikika kabla hajaonekana. Mkononi ana vikombe viwili vya kauri anavyovigonganisha, na mlio wake mwembamba humtangulia uchochoroni. Mkono wa pili umebeba dele, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu, na chini yake makaa ya kuifanya kahawa ibaki moto mpaka tone la mwisho. Ana ndoo ndogo ya maji ya kusuuzia vikombe. Akifika barazani hana haja ya kunadi. Anamimina, anaanza na mwenye mvi, kisha anafuata waliokaa. Kijana akipewa kikombe kabla ya mzee aliye kando yake, atakisogeza kwa mikono miwili: "Karibu, babu." Na mzee atamjibu: "Kunywa tu mwanangu, changu kiko njiani." Hayo hayakuandikwa popote, lakini mtoto aliyekulia mtaa ule anayajua kama anavyojua jina la mama yake.

Kahawa yenyewe haina siri kubwa, ila ina kazi. Buni hukaangwa mpaka ziwe nyeusi, zikatwangwa kinuni, zikachemshwa kwa muda. Wengine hutia tangawizi, wengine iliki. Sukari haitiwi. Utamu hukaa pembeni: kashata ya karanga au ya nazi, tende, au kipande cha halua siku ambayo mwenye baraza amepata neema. Na hapo ndipo ninapoona akili ya waliotuachia starehe hii. Uchungu na utamu havichanganywi ndani ya kikombe, vinapishana mdomoni. Unamega kashata, unaitafuna taratibu, unafuatisha funda moja la kahawa, na ukirudi kwenye kashata ile ile unaikuta imezidi utamu. Kikombe kimoja kidogo kinaweza kukaa na mtu robo saa. Aliyekifanya kiwe kidogo namna ile alikusudia hivyo, kwa sababu kikubwa kingekata kiu na mtu akaondoka. Hiki hakikati kiu. Kinamweka mtu.

Wapo watu hapa Tanzania waliostarehe kwa kahawa bila hata ya kuinywa. Wahaya wa Kagera tangu zamani huyachemsha matunda ya kahawa pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni akibisha hodi, hayo ndiyo anayotangulizwa, hata kabla hajasema kilichomleta. Kwao na kwa jirani zao Waganda, tunda la kahawa lilitumika hata katika undugu wa kuchanjana. Ukilipasua tunda moja la buni unakuta punje mbili zimelaliana. Kila mmoja katika wale wawili alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia siku ile wakawa ndugu. Tafakari jambo hilo, msikilizaji: kiungo cha undugu wa maisha kilikuwa ni punje isiyojaza hata ncha ya kidole.

Kwa upande wa Bahari ya Hindi, unywaji wa kahawa ulianzia Yemen. Katika karne ya 15 masufi wa huko waliinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Kutoka Yemen ikaingia Makka, ikafika Kairo na Istanbul, na majahazi ya pepo za kaskazi yakaileta upande wetu. Sasa angalia kilichofuata, kwa maana kina funzo kubwa kwetu tunaodhani kahawa ni kinywaji tu. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku. Hakukasirishwa na ladha. Alikasirishwa na mikusanyiko: watu walikaa pamoja usiku, wanakunywa, wanazungumza, na hakujua wanazungumza nini. Haikuchukua muda mrefu, Sultani aliyekuwa Kairo akailegeza amri ile. Miaka 164 baadaye, mwishoni mwa 1675, Mfalme Charles II wa Uingereza naye akatoa tangazo la kuzifunga nyumba za kahawa, kwa hofu ile ile ya maneno ya watu. Ghadhabu iliyozuka ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku chache tu baadaye alilifuta tangazo lake. Watawala wawili, dini mbili, mabara mawili, na wote walitambua jambo ambalo sisi wenyewe huwa tunalisahau: watu wanaokaa pamoja kila jioni, wakawa radhi na jioni yao, si watu wa kudharauliwa.

Kukaa kunataka mahali. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, watalii huupigia picha kwa milango yake ya nakshi. Nami milango naipenda. Lakini mimi naomba anayekwenda huko ashushe macho kidogo atazame mabaraza: yale mabenchi ya mawe na chokaa yaliyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kandokando ya vichochoro. Aliyejenga nyumba ile alitoa sehemu ya mali yake, akaiweka nje, ili mpita njia apate pa kukaa. Mwenye nyumba huzungumza hapo na wageni bila ya kuingilia faragha ya waliomo ndani. Muuza matunda hupumzisha tenga lake. Watoto hufanyia hapo kazi za madrasa. Na mvua za masika zikiufanya uchochoro kuwa mto, watu hupita juu ya mabaraza wakafika waendako bila kulowa miguu. Lamu, iliyoingia kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 2001, nyumba zake za kale zina daka mlangoni, penye viti vya mawe pande mbili. Jaws Corner, pale Unguja, ni njia panda tu ya vichochoro, lakini ina kahawa, ina dhumna, na ina ubishi wa siasa usiokwisha, kwa sababu tu waliojenga waliacha nafasi ya kukalia.

Bara nako tuna vijiwe. Dar es Salaam kijiwe cha kahawa kinahitaji vitu vichache sana: mwarobaini au mwembe, mabenchi mawili ya mbao yaliyopigiliwa na fundi wa jirani, jiko la mkaa, birika, na mtu wa kuamka mapema. Mezani kuna drafti, na kete zake ni vizibo vya soda, wa kwanza akivilaza, wa pili akivigeuza juu. Mtu anayeondoka hapo ameshajua nani kafiwa na mazishi ni saa ngapi, nani anatafuta kibarua, nani anauza kiwanja na kwa nini bei yake ni ya kutiliwa shaka. Hakuna aliyekwenda pale kwa ajili ya hizo habari. Alikwenda kunywa kahawa.

Nikae kidogo kwenye bao, maana nikilipita nitakuwa nimewanyima haki wazee wengi wanaonisikiliza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, aghalabu komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wenye miba uotao karibu na bahari. Kila mchezaji huanza kwa kupanga kete kumi upande wake, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba. Kete 22 zinabaki kwake, anazitia moja moja. Huko ndiko kuitwako kunamua. Zikimwishia, mchezo unaingia kwenye mtaji, na hapo asiyeweza kuhesabu mbele hatua nne tano atahesabiwa na mwenzake. Mchezaji hodari huinua kete, huzigawa huku akizungumza habari nyingine kabisa, na mkono unafika pale alipokuwa amepaona tangu mwanzo. Mlio wa komwe zikianguka kwenye mbao ni mlio ambao aliyekulia nao anaweza kuutambua hata usingizini. Mwalimu Nyerere, pamoja na mzigo wote aliobeba, alikuwa mpenzi wa bao, na naamini aliuhitaji mchezo huo kama alivyohitaji vitabu vyake.

Sasa nauliza: furaha ya bao iko wapi? Kushinda hakuwezi kuwa jibu, kwa sababu anayeshindwa kila jioni naye hurudi. Haimo kwenye fedha, maana hapachezewi fedha. Iko kwenye kuzama. Kwa nusu saa ile mtu hana deni, hana mgongo unaouma, hana mwanawe aliyeacha shule. Ana nyumba yake yenye kete sita na adui mpendwa mbele yake. Na waliozunguka, ambao kwa adabu ya mchezo hawatakiwi kusema kitu, wanasema kila kitu. "Itakate hiyo!" "Hapana, mzee, usiiguse nyumba!" Wanne wanacheza mchezo wa wawili. Starehe inayogawika hivyo bila kupungua ni ya nadra duniani, na sisi tunayo chini ya mwembe.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nimewahi kuyasikia maneno haya haya yakitumiwa vibaya. Wapo wanaopenda kumwambia mnyonge: ridhika, furaha haimo kwenye fedha, kunywa kahawa yako utulie. Mimi sisemi hivyo. Mkulima aliyecheleweshewa malipo ya kahawa yake, mlinzi asiyepata mshahara wake, mama aliyekosa dawa ya mtoto, hao hawahitaji mahubiri ya kuridhika. Wanahitaji haki yao. Tena ni vema tukumbuke kwamba sehemu kubwa kabisa ya kahawa tunayolima Kilimanjaro, Kagera, Mbinga na Mbeya hupakiwa ikaenda ng'ambo, na nyumba nyingi za wakulima wa kahawa hunywa chai. Anayezungumzia starehe ya kikombe asimsahau aliyechuma.

Na fedha ina nafasi yake, tusidanganyane. Mwaka 1978 wataalamu wa saikolojia nchini Marekani, wakiongozwa na Philip Brickman, walichapisha uchunguzi ambao umetajwa sana tangu wakati huo. Waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu waliopata fedha nyingi ghafla, wakawalinganisha na majirani ambao hawakushinda. Washindi hawakuwa na furaha iliyozidi sana ya wenzao. Lakini lililonigusa mimi ni jambo jingine lililomo humo. Waliulizwa wanapata raha kiasi gani katika mambo ya kawaida: kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusoma jarida, kusifiwa na mtu. Washindi walipata raha kidogo kuliko wale wasioshinda. Jambo kubwa lilikuwa limeyapunja madogo. Kundi lile lilikuwa dogo, na ni haki kusema kwamba uchunguzi mpana zaidi uliofanywa baadaye nchini Uswidi uliwakuta washindi wa bahati nasibu wakiridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo fedha husaidia, na anayekuambia haisaidii mtazame mfuko wake. Ila lile la kifungua kinywa na rafiki limenikaa. Hisia ya kuonja vidogo inaweza kufa ganzi, na mtu asijue lini ilikufa.

Kuna upande wa pili ambao wanaume wenzangu hatupendi kuutazama. Baraza na kijiwe, kwa sehemu kubwa, ni vya wanaume. Saa kumi na moja ya jioni, wakati sisi tunamiminiwa kikombe cha pili, kuna mtu anakuna nazi, anachota maji, anamkogesha mtoto, anakagua mchele. Saa yetu ya kahawa imelipiwa na mikono ya mtu mwingine. Ninalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu mtu hawezi kusifia starehe ndogo huku amefunga macho asimwone anayezigharimia.

Na wao wana zao, ambazo sisi tumezizungumzia kidogo mno. Nenda Unguja, Pemba au Lamu magharibi inapokaribia. Vitumba vya asumini huchumwa saa hiyo, vikiwa vimefumba bado, maana ua la asumini hufunguka giza likiingia. Wanawake hukaa uani au ukumbini na sinia la vitumba, wakavitunga kwenye uzi kimoja kimoja, mazungumzo yakiendelea, vidole vikifanya kazi bila kutazamwa. Wengine hufunga kikuba, asumini pamoja na mrehani na langilangi, kikachomekwa kwenye nywele au kifuani. Usiku ukiingia maua yanafunguka yakiwa mwilini mwa mtu, na chumba kizima kinanukia. Asubuhi yamenyauka, yanatupwa. Hakuna anayelia, kwa sababu jioni mti utakuwa umetoa vitumba vingine. Bara, starehe hiyo hiyo utaikuta kwenye mkeka wa kusukana nywele: mmoja kakaa chini, kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, na saa mbili zinapita kwa simulizi za mtaa mzima. Dada, shangazi, jirani, mgeni, wote mkekani. Asukwaye hupata nywele, na wote hupata kusikilizwa. Nyumba ambayo baba au kaka huchukua kazi ya jikoni siku mbili tatu za wiki ili mkeka huo utandikwe, ni nyumba iliyoelewa ninachozungumza.

Nimesema starehe ndogo ina saa yake. Saa hiyo ndiyo inayoibwa siku hizi, tena mchana kweupe. Mtu anayeishi Mbagala au Chanika na kufanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam anatoka nyumbani watoto wamelala, anarudi wamelala. Alasiri yake yote anaimalizia amesimama garini, mkono mmoja juu ya bomba, uso kwenye kwapa la mwenzake. Ukimwambia mtu huyu kuhusu bao atakuuliza, "Kaka, saa ngapi?" Na hilo ni swali la haki. Ndiyo maana ninapowasikia wataalamu wakizijadili barabara na mabasi kana kwamba ni habari ya lami na magurudumu peke yake, huwa nasikitika. Basi linalomfikisha mtu nyumbani jua halijazama limempa kitu ambacho hakiwezi kununuliwa dukani. Limempa jioni.

Simu nayo inatajwa sana, na mimi sitaki kuishambulia bila kufikiri. Bibi aliye kijijini Rungwe akiona uso wa mjukuu wake aliye Toronto, hiyo ni starehe ndogo ya kweli na zamani haikuwapo. Ninachosema ni kwamba simu haina kikombe. Haina mwisho wa kumwambia mtu sasa inatosha, nenda kaswali, nenda kale. Kahawa inaisha, dele linakuwa jepesi, muuzaji anakusanya vikombe vyake, na watu wanainuka. Starehe yenye mwisho inamwacha mtu akiwa na hamu ya kesho.

Nisiisahau redio, maana nayo imelea starehe ya namna hii tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951. Vijana huenda hawakuziona kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake kwa mwandiko mzuri kadiri alivyoweza, akaorodhesha wanaosalimiwa, baba, mama mdogo, wajomba, marafiki wa Tunduru na wa Kigoma, akachagua wimbo, akafunga na ujumbe wake, kisha akaipeleka posta. Baada ya hapo alisubiri. Wiki, pengine miezi. Siku ikifika, sauti inasoma jina lake, na nyumba nzima inaruka. Kipindi cha Ugua Pole, cha Redio Tanzania Dar es Salaam, kilikuwa kikipeleka salamu kwa wagonjwa, na mtu aliyelazwa mbali na kwao alilisikia jina lake likitajwa kutoka kwenye redio ya kitandani mwa jirani. Dawa ile haikuwa na bei. Leo ujumbe unafika kwa sekunde moja, na mimi nafurahi kwamba unafika. Lakini vilabu vya salamu bado vipo, Tanzania na Kenya, watu wazima wenye kazi zao wanaojuana kwa sauti na majina, wanaotembeleana wakifiwa na kuchangiana wakioza. Wamejenga undugu kwa kutajana tu redioni. Huwa navisoma vikaratasi vyao kwa heshima, na jina gumu nalirudia mpaka nilipate, kwa sababu najua kuna mtu amekaa karibu na spika akilisubiri.

Wasikilizaji wetu wa Muscat nao wananielewa. Wengi wenu, au wazazi wenu, mliondoka Unguja na Pemba katika miaka ya baada ya 1964. Huko mliko kahawa ni ya iliki, tende na halua ziko sinia moja, na Kiswahili bado kinasikika kwenye vikao vyenu. Watu wanaweza kuhama na kuacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Saa ya kahawa waliondoka nayo, kwa sababu haikuwa na uzito wa kulipiwa melini.

Lakini saa peke yake haitoshi bila mahali, na mahali ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kwa miji yetu. Tazama mitaa mipya inayojengwa pembezoni mwa Dar es Salaam, Dodoma na Mombasa. Nyumba ni nzuri, mabati ni ya rangi, mageti ni mazito. Ukuta unaanza pale kiwanja kinapoishia, juu yake vipande vya chupa au seng'enge, na nje ya ukuta hakuna hata tofali moja la kukalia. Mimi siulaumu ukuta, kwa sababu wizi upo na mtu ana haki ya kulala salama. Nataka tu tuone kilichopotea. Babu zetu wa mwambao walijenga ukuta mnene na mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, wakajilinda barabara, na bado waliweka baraza nje. Usalama na ukarimu vilitengenezwa na fundi mmoja, siku moja, kwa chokaa ile ile. Gharama ya kuongeza kibaraza kwenye ukuta unaojengwa ni matofali machache na nusu mfuko wa saruji. Na jirani anayekaa nje ya ukuta wako jioni ni mlinzi ambaye hutamlipa mshahara.

Kisha kuna miti. Mwembe wa kijiwe ukikatwa ili kupanua duka, wanaokaa pale hawaandamani. Wanahamia ng'ambo ya barabara siku mbili tatu, jua linawapiga, wanapungua, na muuza kahawa anaanza kurudi na dele lililojaa. Baada ya mwezi mmoja kijiwe hakipo, na hakuna ripoti yoyote ya serikali itakayoonyesha kwamba mtaa ule umepata hasara. Mzee aliyekuwa akitoka kila siku kwa ajili ya bao sasa amelala kitandani tangu mchana, na wanawe wanadhani ni umri.

Ramani za mipango miji huonyesha maeneo ya wazi. Yamechorwa kwa rangi ya kijani, yana namba, na aghalabu yalipimwa siku moja na viwanja vya nyumba. Mengi yameota gereji, kumbi za sherehe na nyumba za watu ambao hakuna anayethubutu kuwauliza. Mkutano wa mtaa wako utakapoitishwa, na ajenda zikafika kwenye mengineyo, nyoosha mkono. Mwombe mwenyekiti, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, aeleze eneo la wazi la mtaa huu liko wapi kwenye ramani, na leo limekaliwa na nani. Kisha uliza kama panaweza kupandwa mti mmoja na kuwekwa mabenchi mawili.